Kadi ya mpigaji dhaifu: Tunamkumbuka mtu kwa lipi?

Je, ni insafu mtu aliyefanya kazi yake kwa miaka tisa mbele ya macho ya maelfu ya watu akumbukwe kwa namba moja tu, tena namba ya kushindwa kwake? Na je, yule anayekwenda kununua picha yake, akaiweka katika kabati lake kama kumbukumbu, anamheshimu au anamcheka? Maswali haya yanaweza kuonekana mepesi kwa kuwa yanatokana na mchezo. Lakini tukiyachunguza tutaona kwamba yanagusa namna tunavyowapima binadamu wenzetu kila siku, kazini, mitaani na hata majumbani.

Mfano wetu unatoka katika besiboli, mchezo ambao Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyopenda soka. Mhusika ni Mario Mendoza, mzaliwa wa Chihuahua huko Mexico, aliyecheza Ligi Kuu ya Marekani kuanzia mwaka 1974 hadi 1982. Alianza na Pittsburgh Pirates, akahamia Seattle Mariners mwaka 1979, kisha akamalizia na Texas Rangers. Hakuwa nyota. Hata hivyo jina lake linatajwa Marekani kuliko majina ya wachezaji wengi waliomzidi kwa mbali, na sababu ya kutajwa kwake ndiyo mada yetu.

Ili tuelewane, ni vyema kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Katika besiboli mrushaji wa timu moja anarusha mpira kwa kasi kubwa, na mpigaji wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo kisha akimbilie kituo cha kwanza kabla mpira haujafikishwa hapo na wapinzani. Akifika, amepata pigo salama. Wamarekani huhesabu mapigo salama ya kila mchezaji, wakayagawa kwa idadi ya majaribio yake, na jibu lake ndilo wastani wa mchezaji. Mwenye mapigo salama 300 katika kila majaribio 1,000 huhesabiwa kuwa mpigaji mzuri sana. Mwenye 200 huhesabiwa kuwa dhaifu kiasi cha kutilia shaka nafasi yake katika timu.

Hebu tusimame hapo kidogo, ndugu msomaji. Mpigaji mzuri anayeshangiliwa na kulipwa mamilioni anashindwa mara saba katika kila mara kumi. Mpigaji dhaifu anayezomewa anashindwa mara nane katika kila mara kumi. Baina ya shangwe na zomeazomea kuna jaribio moja tu katika kumi. Wote wawili muda wao mwingi ni wa kushindwa. Ni nadra kukuta kazi nyingine duniani ambayo bingwa wake anakosea mara nyingi kiasi hicho, na ambayo kila kosa linaandikwa, linahesabiwa na kuchapishwa gazetini.

Sasa tumrudie Mendoza. Mwaka 1979, akiwa na Seattle, wastani wake ulikuwa 198 katika 1,000. Mwaka uliofuata, kwa mujibu wa simulizi inayofahamika zaidi, wachezaji wenzake wawili, Tom Paciorek na Bruce Bochte, walimtania nyota wa Kansas City aitwaye George Brett aliyeanza msimu vibaya. Walimwambia ajihadhari asije akaanguka chini ya mstari wa Mendoza. Brett akaupenda utani huo akausambaza, mtangazaji Chris Berman wa televisheni ya ESPN akaudaka, na tangu hapo ikawa desturi: mstari wa Mendoza ni 200, na aliye chini yake hafai. Maneno hayo yalivuka hata mipaka ya michezo. Wamarekani huyatumia wanapozungumzia hisa zisizopanda, filamu zisizotazamwa na wanasiasa wasiopendwa.

Tukiuchunguza utani huu kwa jicho la haki tunagundua mambo ya kushangaza. Kwanza, Mendoza hakumaliza kazi yake akiwa na wastani wa 200. Katika michezo 686 alipata mapigo salama 287 kwa majaribio 1,337, yaani wastani wa 215. Kwa hiyo mwenye mstari mwenyewe yuko juu ya mstari wake. Pili, katika mwaka huohuo wa 1980 ambao jina lake lilianza kufanyiwa mzaha, alikuwa na wastani wa 245, mwaka wake bora kuliko yote. Tatu, ule msimu wa 1979 uliompa jina baya alipata mapigo salama 74 kwa majaribio 373. Angepata 75 wastani wake ungekuwa 201. Pigo moja tu katika msimu mzima, mpira mmoja uliokwenda shubiri moja kushoto au kulia, na huenda leo mstari huo ungeitwa kwa jina la mtu mwingine. Na Brett aliyetishiwa kwa jina hilo alimaliza mwaka 1980 akiwa na wastani wa 390, mmoja wa misimu mikubwa kabisa ya upigaji katika historia ya ligi hiyo.

Hata hivyo, tusiwe na upendeleo. Mendoza alikuwa mpigaji dhaifu kweli. Katika misimu yake tisa, mitano aliimaliza akiwa chini ya 200. Kwa miaka yote tisa aliupiga mpira ukavuka uzio mara nne tu. Anayesema kwamba Mendoza hakuwa hodari wa kupiga hasemi uongo. Hoja yetu ni kwamba anasema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikirudiwarudiwa bila nusu yake ya pili hufanya kazi ileile ya uongo.

Ipo wapi basi nusu ya pili? Ipo katika swali ambalo wacheshi hawakuuliza: ikiwa mtu huyu alikuwa dhaifu kiasi hicho, kwa nini timu tatu za Ligi Kuu zilimweka kwa miaka tisa? Makocha wa huko hawagawi nafasi kwa huruma. Jibu ni kwamba Mendoza hakuajiriwa kwa ajili ya gongo lake. Aliajiriwa kwa ajili ya mikono yake.

Mendoza alikuwa shotistopu, yaani mlinzi anayesimama baina ya kituo cha pili na cha tatu. Hapo ndipo mipira mingi inayobingirika chini kwa kasi hupita. Kutoka mahali pa kupigia hadi kituo cha kwanza ni mita 27 na ushei, na mkimbiaji huzimaliza kwa sekunde nne hivi. Ndani ya sekunde hizo nne mlinzi huyo anatakiwa auone mpira, aukimbilie, auinamie, audake, ageuke na kuurusha moja kwa moja hadi upande wa pili wa uwanja. Akifanikiwa, hakuna kinachotokea. Mpinzani anatoka, mchezo unaendelea, ubao wa matokeo haubadiliki. Kazi yake nzima ni kuhakikisha kwamba jambo fulani halitokei, na jambo lisilotokea ni gumu kulihesabu.

Wapenzi wa soka wanalijua hili. Mfungaji anaandikwa gazetini kwa dakika aliyofunga. Beki aliyeondosha mpira kwenye mstari wa goli haandikwi katika orodha yoyote, ila siku atakapojifunga. Besiboli ya Marekani ina mfano mkubwa zaidi ya Mendoza, naye ni Mark Belanger, shotistopu wa Baltimore Orioles. Katika misimu 18, kuanzia 1965 hadi 1982, wastani wake wa kupiga ulikuwa 228 na mapigo yake ya kuvuka uzio 20 tu. Lakini alitunukiwa mara nane Glovu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake. Naye Ozzie Smith, aliyepata tuzo hiyo mara 13 na kuvusha uzio mara 28 tu katika misimu 19, alipokelewa mwaka 2002 katika Ukumbi wa Mashujaa ulioko Cooperstown, New York. Kwa hiyo Wamarekani wenyewe wanafahamu kwamba ulinzi ni kazi yenye hadhi. Wanalisahau hilo pale tu wanapokuwa na namba rahisi mkononi na mtu wa kumcheka.

Hapa ndipo kumbukumbu zinapoingia. Marekani kuna soko kubwa la vitu vya kumbukumbu za wanamichezo: mipira na magongo yaliyosainiwa, jezi, vinyago, na zaidi ya vyote kadi, yaani picha ndogo za wachezaji zilizochapishwa kwenye karatasi ngumu, mbele sura ya mchezaji na nyuma hesabu zake za kila mwaka. Mwezi Agosti mwaka 2022 kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Ikumbukwe kwamba kadi za toleo hilo zilipokosa wanunuzi, kampuni ya Topps iliyozichapisha iliona ni mzigo tu ghalani, na aliyezibuni, Sy Berger, alisimulia kwamba shehena yake ilipakiwa katika tishari na kumwagwa baharini mwaka 1960. Karatasi ni ileile na wino ni uleule. Kilichobadilika ni watu.

Tazama pia mfano huu. Mwaka 2022 iliuzwa kwa dola milioni 7.25 kadi ya Honus Wagner, iliyochapishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kampuni ya tumbaku. Wagner alikuwa shotistopu wa Pittsburgh. Mendoza naye, miongo kadhaa baadaye, alikuwa shotistopu wa Pittsburgh. Mji ni uleule, timu ni ileile, sehemu ya uwanja ni ileile. Lakini Wagner alikuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa zama zake na kadi yake ni adimu, wakati kadi za Mendoza ni nyingi na huuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaimudu.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hiyo ni aibu nyingine kwa Mendoza. Mimi naona kinyume chake. Soko la kumbukumbu za nyota limejaa tamaa. Katika miaka ya 1990 hali ilifikia mahali shirika la upelelezi la FBI likaendesha operesheni maalumu dhidi ya magenge yaliyokuwa yakighushi saini za wanamichezo na kuwauzia watu mipira na magongo ya uongo. Mwaka 2001 Ligi Kuu ikaanzisha utaratibu wake wa kuthibitisha vitu hivyo. Anayenunua kadi ya mamilioni mara nyingi hamkumbuki mchezaji. Anaweka akiba, anangoja bei ipande. Lakini nani atapoteza wino wake kughushi saini ya mpigaji dhaifu? Anayeihifadhi kadi ya mchezaji wa aina hiyo hana faida anayoitarajia. Kama ameihifadhi, basi ameihifadhi kwa ajili ya mtu mwenyewe.

Swali linalobaki ni la nia. Kadi moja ya Mendoza inaweza kuwekwa na watu wawili kwa nia mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Wa kwanza anaiweka ili awaonyeshe wageni wake wacheke: huyu ndiye mwenye mstari. Wa pili anaiweka kwa sababu alikuwa kijana Seattle mwaka 1979, timu ilikuwa changa na inafungwa kila mara, na mtu huyu mwembamba alijitokeza uwanjani katika michezo 148 akaudaka mpira kama inavyotakiwa. Karatasi haiwezi kutuambia nani ni nani. Lakini sisi tuliolelewa kujua kwamba kitendo hupimwa kwa nia yake, na kwamba kuitana majina ya kubezana ni jambo lililokatazwa, hatuwezi kusema kwamba watu hawa wawili wako sawa.

Yapo pia mataifa mawili yaliyomweka mtu huyu kwa nia mbili. Marekani ilimtungia mstari. Mexico, kwao, ilimwita Mikono ya Hariri kwa sababu ya ulaini wa udakaji wake, na mwaka 2000 ikamwingiza katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ya nchi hiyo. Mtu ni yuleyule na mikono ni ileile. Mmoja aliangalia safu moja ya hesabu, mwingine akaangalia kazi nzima.

Wapo watakaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Watasema: mchezo ni ushindani. Tukianza kuwatukuza walioshindwa tutaua ari ya kufanya vizuri. Mtoto atauliza ya nini ajitume, ikiwa hata mpigaji dhaifu ana kadi na kumbukumbu? Aidha watasema kwamba kumsifu mtu kwa asichokuwa nacho ni unafiki, na unafiki haujengi.

Hoja hii ina ukweli, na historia ya besiboli inao mfano wa kuitetea. Mwaka 1968 Detroit Tigers walikuwa na shotistopu aitwaye Ray Oyler, mlinzi hodari ambaye wastani wake wa kupiga msimu huo ulikuwa 135, chini kabisa hata ya Mendoza. Walipofika fainali dhidi ya St. Louis Cardinals, kocha Mayo Smith alimweka benchi. Mahali pake akamsimamisha Mickey Stanley, ambaye nafasi yake ya kawaida ilikuwa ulinzi wa nje, mbali na pale. Detroit ilishinda fainali hiyo kwa michezo minne dhidi ya mitatu. Je, Oyler alidhulumiwa? Hapana. Timu ilihitaji mapigo, yeye hakuwa nayo, na kocha alikuwa na amana ya timu nzima mikononi mwake. Nafasi hutolewa kwa mwenye uwezo wa kuitumikia, na huruma si sifa ya kumpa mtu kazi.

Lakini angalia kilichofuata. Katika baadhi ya michezo ya fainali hiyo, Detroit ilipokuwa mbele na muda umekwisha kuwa mfupi, Smith alimwingiza Oyler uwanjani ili alinde ushindi. Kocha aliujua udhaifu wake na akaujua ubora wake, akakiweka kila kimoja mahali pake. Hakumpamba wala hakumbeza. Nadhani hiyo ndiyo insafu tunayoitafuta: kumjua mtu kwa ukamilifu wake na kumpa haki yake, isizidi na isipungue.

Kwa mantiki hiyo, heshima ya mpigaji dhaifu haidai tuseme kwamba alikuwa mpigaji hodari. Kadi yenyewe haituruhusu, maana nyuma yake namba zimeandikwa waziwazi mwaka kwa mwaka. Na hapo ndipo penye ubora wa kumbukumbu ya namna hii. Mbele ipo sura ya mtu aliyevaa glovu, tayari kwa kazi. Nyuma ipo hesabu isiyomficha. Anayeiheshimu anaiheshimu huku anazijua kasoro. Ni nyota ndio ambao mara nyingi tunawaheshimu kwa kuwafunika, tukaficha maovu yao kwa wingi wa mabao na mapigo yao.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu nasi tuna mistari yetu ya Mendoza. Katika kila ofisi yupo karani ambaye jina lake limegeuzwa kuwa mfano wa uzembe kwa sababu ya kosa moja la mwaka fulani, na hakuna anayekumbuka kwamba ni yeye aliyekuwa anafungua mlango kila asubuhi. Katika kila mtaa yupo mtoto aliyefeli mtihani mmoja, na ukoo mzima ukaufanya huo kuwa wasifu wake. Wazazi wanamtisha mdogo wake kwa jina lake, kama Paciorek na Bochte walivyomtisha Brett. Wenye kutania husema ni utani tu. Mendoza naye alielezwa hivyo. Amewahi kusema kwa waandishi kwamba mwanzoni maneno hayo yalimkera, kisha baada ya muda akayazoea na kuyachukulia kwa wepesi. Uungwana wake wa kusamehe ni sifa yake yeye. Haumfutii deni aliyemcheka.

Na upande wa pili tuna wale ambao kazi yao ni kuzuia yasitokee: mama anayeamka usiku kuwafunika watoto, muuguzi wa zamu anayegundua mapema kwamba mgonjwa anazidiwa, fundi wa umeme anayebadilisha waya kabla haujawaka moto, mlinzi wa getini. Hawa wakifanya kazi yao sawasawa hakuna habari. Siku wakikosea ndipo wanapojulikana. Hatuwatungii kadi, na wanapostaafu tunawapa cheti kilichoandikwa maneno yaleyale aliyopewa kila mtu.

Pengine ndiyo maana naiona kadi ya bei rahisi ya mpigaji dhaifu kuwa kumbukumbu yenye mafunzo kuliko ile ya dola milioni 12. Ile ya mamilioni inatuambia kile ambacho ulimwengu unakijua tayari, kwamba watu hupenda ushindi na hupenda fedha. Hii ya shilingi chache inamwuliza kila anayeishika: unamhesabu mwenzako kwa safu ipi? Kwa yale 74 aliyopata, kwa lile moja lililopungua, au kwa mipira yote ambayo aliizuia isipite, na ambayo hakuna aliyejishughulisha kuiandika?